Bistro za pembezoni mwa Paris: Ipi humwachia mkulima fedha?

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya chakula methali hiyo ni ya kweli kwa mlaji, lakini haimsaidii sana mkulima. Mgahawa unaweza kujaa wateja kila siku na kusifiwa na kila apitaye, huku aliyelima viazi na karoti zilizomo jikoni akiwa hajui atalipwa kiasi gani wala lini.

Kwa hiyo kulinganisha migahawa si kazi ya walaji peke yao. Mkulima na mfanyabiashara mdogo nao wana sababu ya kuilinganisha, ila kipimo chao ni tofauti. Mlaji huuliza supu ipi ni tamu. Mkulima anapaswa kuuliza: katika kila noti inayoachwa mezani, ni kiasi gani kinarudi shambani, na kinarudi baada ya siku ngapi?

Mahali pazuri pa kufanyia ulinganisho huo ni Ufaransa, nchi ambayo mgahawa mdogo wa mtaani, unaoitwa bistro, umekuwa sehemu ya maisha ya watu wa kawaida kwa zaidi ya miaka 100. Na ndani ya Ufaransa, pazuri zaidi ni vitongoji vya mashariki mwa Paris kama Nogent-sur-Marne na Joinville-le-Pont, kando ya mto Marne. Huko mtu anaweza kuziona bistro za aina mbalimbali kwa matembezi ya siku moja, na soko kubwa la jumla la Rungis liko katika mkoa huohuo wa Val-de-Marne.

Kwa wakulima wa Afrika Mashariki jambo hili si hadithi ya mbali. Maharage machanga, ambayo Kenya huitwa mishiri, hulimwa Kirinyaga, Meru, Arusha na Kilimanjaro, kisha husafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya. Ufaransa ni mmoja wa wanunuzi wa siku nyingi wa maharage ya Kenya. Mboga hiyo ndiyo Mfaransa anayoila pembeni ya kipande cha nyama katika bistro ya mtaani kwake. Anayeilima ana kila sababu ya kujua jinsi jiko hilo linavyonunua.

Zilikotoka

Migahawa ya vitongoji hivi ina asili yake katika kodi. Kuanzia mwaka 1784 ulijengwa ukuta kuizunguka Paris ili bidhaa zinazoingia mjini, mvinyo ukiwamo, zitozwe ushuru getini. Wafanyabiashara hawakulala. Walifungua sehemu za kula na kunywa nje ya ukuta, ambako mvinyo haukuguswa na ushuru huo, na watu wa mjini wakawa wanatoka kwenda kujiburudisha kwa bei nafuu. Sehemu hizo ziliitwa guinguette. Mwaka 1860 mipaka ya Paris ilisogezwa mbele ikameza vijiji vya jirani, na biashara hiyo nayo ikasogea mbali zaidi. Reli iliyofunguliwa mwaka 1859 kutoka Bastille hadi La Varenne ndiyo iliyowafikisha wakazi wa jiji Nogent na Joinville siku za Jumapili.

Bistro za mitaani zina historia nyingine. Nyingi zilianzishwa na wahamiaji kutoka Auvergne, eneo la milima katikati ya Ufaransa. Walikwenda Paris kuuza kuni na makaa ya mawe, wakaweka kaunta ndogo dukani na kuuza mvinyo, baadaye wakaongeza chungu cha chakula cha mchana. Huo ni mtaji mdogo uliokua kidogo kidogo. Hauna tofauti na wa mamalishe anayeanza na chai na maandazi, kisha akafika kwenye wali na maharage.

Wapo pia waliotokea kwenye bucha. Katikati ya karne ya 19, Baptiste-Adolphe Duval, mwenye bucha wa Paris, aliuza minofu kwa wenye uwezo na kubaki na vipande visivyo na wateja. Akavichemsha kuwa supu na kuviuza kwa bei ndogo kwa watu wa kipato cha chini. Migahawa ya namna hiyo ikaitwa bouillon, yaani mchuzi wa nyama. Mmoja wa aina hiyo, Bouillon Chartier, ulianzishwa mwaka 1896 na hadi leo unafanya kazi.

Hata hivyo, biashara hii imepungua mno. Inakadiriwa kwamba mwaka 1960 Ufaransa ilikuwa na vilabu na bistro zipatazo 200,000. Sasa zimebaki chini ya 40,000. Zilizobaki katika vitongoji zinaweza kugawanywa katika aina nne, na kila aina humtendea mkulima kwa namna yake.

Aina nne, hesabu nne

Ya kwanza ni bistro ya kona. Hufunguliwa asubuhi na mapema kwa ajili ya kahawa, na mara nyingi huuza sigara na tiketi za bahati nasibu pia. Kaunta ndiyo roho yake. Mchana hupikwa chakula cha aina moja au mbili kwa ajili ya mafundi, madereva na wafanyakazi wa ofisi za jirani. Wengi wao hulipa kwa vocha za chakula, utaratibu uliowekwa Ufaransa mwaka 1967, ambao mwajiri hulipia angalau nusu ya thamani ya vocha. Bistro hii huishi kwa vinywaji kuliko chakula. Kikombe cha kahawa hakigharimu kitu kikubwa kukitengeneza, lakini huuzwa mara nyingi kwa siku. Chakula kipo ili mteja asiende kwingine.

Kwa mkulima, bistro ya kona ni mnunuzi mdogo lakini wa kila siku. Anachohitaji ni viazi, vitunguu, karoti, mayai na saladi, na mara nyingi huvinunua kwenye maduka ya jumla badala ya kwa mkulima mwenyewe. Uzuri wake ni kwamba haibahatishi. Mpishi anajua Jumatatu atauza sahani ngapi, kwa sababu walaji ni walewale.

Ya pili ni bistro ya ubao. Hii haina kitabu cha vyakula. Ina ubao ulioandikwa kwa chaki, na maandishi yake hubadilika kila siku au kila wiki. Mara nyingi kuna vianzio vitatu, vyakula vikuu vitatu na vitamutamu vitatu, basi. Mpishi ndiye mmiliki, na wahudumu ni wachache. Mtindo huu ulipata nguvu mpya mwaka 1992, wakati Yves Camdeborde, mpishi aliyekuwa amefanya kazi katika hoteli kubwa, alipofungua mgahawa mdogo uitwao La Régalade katika mtaa wa 14 wa Paris. Alichukua ufundi wa hoteli akautumia kwa vyakula vya bei nafuu: shavu la ng'ombe, mkono wa kondoo, mboga za msimu. Wengine wakamwiga, na mtindo ukaenea hadi vitongojini.

Siri ya bistro ya ubao ni kwamba mpishi huangalia kwanza sokoni kuna nini, ndipo aandike. Kama liki zimejaa na bei imeshuka, supu ya siku ni ya liki. Kama nyama ya jana imebaki, leo husagwa na kufunikwa kwa viazi vilivyopondwa. Chakula hicho kina jina la Parmentier, msomi aliyefariki mwaka 1813, ambaye alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwashawishi Wafaransa wale viazi.

Ya tatu ni guinguette ya kando ya mto. Chez Gégène ya Joinville-le-Pont ndiyo maarufu zaidi, na imekuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Watu hufuata muziki, dansi na upepo wa mto, na huagiza kome kwa chipsi, samaki wadogo wa kukaanga au nyama ya kuchoma. Wateja ni wengi mwishoni mwa wiki wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha Jumapili mbili mfululizo, mwenye biashara anaumia, na aliyempelekea magunia ya viazi anaumia naye. Kiasi kinachonunuliwa ni kikubwa, lakini kwa miezi michache.

Ya nne ni bistro kwa jina tu. Ni tawi la kampuni kubwa lililojengwa kandokando ya barabara kuu au ndani ya maduka makubwa, lenye viti vyekundu na picha za Paris ya zamani ukutani. Kitabu chake cha vyakula kina kurasa nyingi na hakibadiliki kati ya Januari na Agosti. Manunuzi hufanywa na ofisi kuu kwa matawi yote. Vyakula vingi huja vimekwisha kupikwa au kukatwa kiwandani, na kazi ya jikoni ni kupasha moto na kupamba sahani.

Mlaji akiingia katika aina ya pili na ya nne anaweza asione tofauti kubwa ya bei. Tofauti iko nyuma ya mlango wa jiko.

Euro 15 zinakwenda wapi?

Chukua mfano wa sahani ya siku inayouzwa euro 15. Bei hiyo tayari ina kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa chakula cha mgahawani Ufaransa ni asilimia 10. Ikitolewa, zinabaki euro 13.64. Kanuni inayofuatwa na wenye migahawa wengi ni kwamba gharama za malighafi zisizidi takribani asilimia 30 ya kiasi hicho, yaani kama euro 4. Zinazobaki ni mishahara, pango, gesi, umeme na faida kama ipo.

Euro 4 hizo ndizo zinazogombaniwa na wote waliolima, waliofuga, waliosafirisha na waliosindika. Katika tawi la kampuni kubwa, sehemu yake inalipa kiwanda kilichomenya, kilichokatakata, kilichopika na kilichogandisha, pamoja na malori ya baridi na ghala. Mkulima hupata kinachobaki baada ya hao wote. Katika bistro ya ubao, kazi ya kumenya na kupika hufanywa jikoni na hulipiwa kwenye fungu la mishahara. Kwa hiyo euro 4 zinanunua vitu vibichi, na kati ya mpishi na shamba mara nyingi kuna mikono michache zaidi.

Lipo pia suala la hasara. Jiko lenye vyakula 50 kwenye kitabu ni lazima liwe na malighafi ya vyakula vyote 50, hata kama 30 kati ya hivyo haviagizwi siku hiyo. Njia pekee ya kuepuka kutupa ni kununua vilivyogandishwa. Jiko lenye vyakula tisa linaweza kununua vibichi kwa sababu litavimaliza. Ufupi wa ubao ndio unaompa mkulima soko la mazao mabichi.

Bila shaka bistro ya ubao ina udhaifu wake. Inategemea mtu mmoja. Mpishi akiugua, biashara inasimama. Gharama za mishahara ni kubwa kwa kuwa kila karoti inamenywa na mtu anayelipwa kwa saa. Ndiyo maana nyingi hufungwa siku mbili kwa wiki, na nyingine hufungwa moja kwa moja. Mkulima anayeweka mayai yake yote katika kapu la mgahawa mmoja wa aina hiyo anajitafutia matatizo.

Ushahidi wa jinsi shamba lilivyofungamana na meza ulionekana wakati wa janga la UVIKO-19. Migahawa ya Ufaransa ilifungwa usiku wa Machi 14, 2020. Wiki chache baadaye, umoja wa wakulima wa viazi nchini humo ulisema takribani tani 450,000 za viazi hazina pa kwenda, kwa kuwa wanunuzi wakubwa wa chipsi walikuwa wamefunga milango. Viazi vya aina ya kiwandani haviuziki kirahisi kwa mama anayepika nyumbani. Waliokuwa wakiuza mboga mchanganyiko waliweza angalau kugeukia masoko ya mitaani na vikapu vya kupelekwa majumbani.

Sheria inavyoingia jikoni

Ulinganisho huu hauwezi kukamilika bila kutaja mkono wa serikali, maana bistro hizi haziendeshwi kwa utashi wa wenyewe tu.

Tangu mwaka 2002 mgahawa wa Ufaransa unalazimika kumweleza mteja nyama ya ng'ombe inayouzwa imetoka nchi gani. Machi 2022 sharti hilo lilipanuliwa kuhusu nyama ya nguruwe, kondoo na kuku. Mwaka 2014 ilianzishwa alama ya chakula kilichopikwa hapohapo kutokana na vitu vibichi: mchoro wa sufuria yenye mfuniko wa umbo la paa la nyumba. Mpishi anaruhusiwa kuweka alama hiyo hata kama amenunua mboga zilizokatwa, lakini kwa viazi sheria ni kali. Chipsi zilizokatwa na kugandishwa kiwandani haziwezi kubeba alama hiyo.

Sharti hilo dogo la chipsi lina maana kubwa. Wakenya wanakumbuka Januari 2022, wakati migahawa ya KFC nchini humo ilipoishiwa chipsi huku viazi vikiwa vimejaa sokoni, kwa sababu chipsi zake zilikuwa zikiagizwa kutoka nje na meli zilichelewa. Wananchi walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini hasira haijazi ghala. Kinachomwingiza mkulima kwenye jiko la mgahawa ni aina sahihi ya kiazi, ukubwa unaolingana, ubora unaothibitishika na mzigo unaofika kila wiki bila kukosa.

Kwa upande wa kodi, historia ya Ufaransa ina funzo lisilopendeza. Julai 2009 kodi ya ongezeko la thamani kwa chakula cha mgahawani ilipunguzwa kutoka asilimia 19.6 hadi 5.5. Wenye migahawa waliahidi kushusha bei na kuajiri. Bei zilishuka kidogo tu. Serikali ikaipandisha kodi hiyo hadi asilimia 7 mwaka 2012 na 10 mwaka 2014. Nafuu anayopewa mwenye mgahawa haimfikii mlaji yenyewe, seuze mkulima.

Sheria inayomfikia mkulima moja kwa moja ni ile ya siku za malipo. Ufaransa imeweka ukomo kwa wanunuzi wa vyakula vinavyoharibika: malipo yasizidi siku 30 baada ya kumalizika kwa kipindi cha siku kumi ambamo mzigo ulipokelewa. Kwa nyama mbichi ukomo ni siku 20 tangu kupokelewa. Anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi euro 75,000 kama ni mtu binafsi, na hadi euro milioni 2 kama ni kampuni. Bistro ndogo na kampuni yenye matawi 100 zote zinabanwa na kalenda hiyo.

Hapa ndipo penye kidonda kwa mkulima wa Afrika Mashariki. Mwenye nyanya, hoho au kuku wa mayai hupeleka mzigo hotelini kwa mali kauli, akaambiwa arudi mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi mhasibu hayupo. Mwezi wa pili meneja amebadilishwa. Wakati huo mbegu na mbolea ya msimu unaofuata zinahitaji fedha taslimu, na anayezitoa ni mkopeshaji wa mtaani kwa riba isiyovumilika. Faida yote iliyokuwa kwenye bei nzuri ya hoteli inamezwa na riba hiyo. Kwa hiyo bei ya kilo haitoshi kuonyesha kama mnunuzi ni mzuri. Siku za kusubiri ni sehemu ya bei.

Maharage machanga na ubao wa Januari

Soko la Rungis lilihamishiwa huko kutoka katikati ya Paris mwaka 1969, na eneo lake ni hekta 234. Wanunuzi ni wafanyabiashara tu, na kazi hufanyika usiku. Samaki huanza kuuzwa saa 8 usiku, mboga na matunda alfajiri. Katikati ya baridi ya Ulaya, maharage machanga ya Kenya hupita katika masoko kama hili yakielekea kwenye maduka na majiko ya migahawa.

Mpishi wa bistro huyanunua kwa unene. Yale membamba kabisa hayazidi milimita 6, na yanayofuata ni ya hadi milimita 9. Tofauti ya milimita hizo hutokana na muda wa kuchuma. Mkulima anayechelewa siku moja au mbili anakuta maharage yamenenepa na yameshuka daraja. Huko nyumbani anaona kama mzigo umeongezeka uzito. Sokoni anaona bei imepungua.

Kipimo cha pili hakionekani kwa macho, nacho ni mabaki ya dawa za wadudu. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa maharage na njegere kutoka Kenya baada ya kugundua mabaki yaliyozidi viwango. Wakulima wadogo ndio walioumia zaidi, kwa kuwa wasafirishaji waliona ni rahisi kufuatilia mashamba machache makubwa kuliko mamia ya robo ekari. Aliyekuwa na daftari la tarehe za kupulizia dawa alibaki na la kujitetea nalo.

Kipimo cha tatu ni msimu. Bistro ya ubao, iliyo rafiki mkubwa wa mkulima wa Kifaransa, si lazima iwe rafiki wa mkulima wa Meru. Wapishi wengi wa aina hiyo hujivunia kupika kilichopo katika udongo wa kwao. Januari huandika liki, karoti, kabichi na adesi za kijani za Le Puy, jamii ya dengu yenye ulinzi wa kisheria wa jina la mahali inapolimwa tangu mwaka 1996. Kiangazi kinapofika hununua maharage machanga ya Ufaransa yenyewe. Wanaohitaji maharage mwaka mzima ni wale wenye vitabu vya vyakula visivyobadilika, pamoja na maduka makubwa.

Mkulima asikasirikie ukweli huo, autumie. Dirisha la Ulaya hufunguka zaidi kati ya Oktoba na Mei. Maharage haya huanza kuchumwa takribani siku 45 hadi 60 baada ya kupandwa. Anayelenga Oktoba apande Agosti, na asipande shamba lote ili livunwe Julai eti kwa sababu maji yapo. Na mwenye kutegemea soko hilo peke yake akumbuke viazi vya Ufaransa vya mwaka 2020.

Hukumu

Kwa kipimo cha ladha, kila mlaji ana lake. Kwa kipimo cha mkulima, bistro ya ubao inashika nafasi ya kwanza kwa sababu inanunua vibichi, inafuata mavuno na inalipia hata kipande ambacho bucha lilikuwa linakaribia kukitupa. Bistro ya kona ni ya pili: ndogo, lakini hainyimi usingizi. Guinguette ni ya tatu, inafaa kwa mwenye mzigo mkubwa wa msimu na moyo wa kuvumilia mvua. Tawi la kampuni kubwa ni la mwisho kwa mkulima mdogo anayekwenda peke yake, ingawa kwa ushirika wenye ghala, mizani na mkataba linaweza kuwa mnunuzi wa maana.

Funzo kwa huku halihitaji mtu kufungua bistro ya Kifaransa Kimara au Kikuyu. Mamalishe na wenye migahawa midogo tayari wana chungu na wateja. Wanachoweza kuongeza ni ubao: vyakula vitatu vya leo, vilivyochaguliwa kwa bei ya soko la asubuhi hii, badala ya orodha ndefu ambayo nusu yake mteja akiagiza huambiwa imekwisha. Mwenye bucha naye asidharau kichwa, makongoro na mifupa. Duval alijenga jina kwa vitu hivyohivyo.

Kwa mkulima yapo mambo matatu ya kufanya kabla ya kupeleka mzigo wa kwanza hotelini. Aombe kuona orodha ya vyakula, ajue jiko linapika nini na kwa kiasi gani kwa wiki. Akubaliane bei kwa kilo na kwa mizani, si kwa lumbesa wala kwa ndoo iliyofurika. Tatu, na kubwa kuliko yote, siku ya malipo iandikwe kwenye karatasi na isainiwe na mwenye mamlaka ya kulipa. Mwenye hoteli akikataa kuandika tarehe, ajulikane mapema kwamba ni mkopaji, na bei yake ihesabiwe kama ya mkopaji.

Vyama vya ushirika na halmashauri navyo vina la kufanya. Mkulima mmoja akidai ukomo wa siku 30 ataonekana msumbufu na nafasi yake itachukuliwa na mwingine. Wakulima 200 wa bonde moja wakidai sharti hilohilo, hoteli itakaa kitako na kusikiliza. Ufaransa haikuwaachia wakulima wabembeleze malipo, iliyaandika kwenye sheria na kuyawekea faini.

Hadi sharti kama hilo lizoeleke huku, silaha ya mkulima ni kalamu yake mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mpishi wa kando ya mto Marne huandika ubao wake kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko. Mwenye shamba naye aandike alichopeleka, kwa nani, kwa bei gani na cha kulipwa lini, kabla gari halijaondoka getini.